Triga nzito kwenye raifo ya mitutu miwili: tafuta chanzo kabla ya kugusa mkato

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni msaidizi wa mwindaji bingwa kwenye vitalu vya kusini mwa Tanzania. Mwaka jana nilinunua raifo ya mitutu miwili kutoka kwa mwindaji aliyestaafu, na imeshasajiliwa kwa jina langu. Inatumia risasi kubwa za .470 Nitro Express, na ni boksiloki (mtambo wake umo ndani ya boksi la chuma) ya zamani ya Kiingereza yenye triga mbili. Triga zake ni nzito mno. Nimepima kwa mizani ya ndoano nikapata kilo 3.6 ya mbele na kilo 4.3 ya nyuma. Nikifyatua mtutu wa kushoto risasi inashuka chini na kwenda kulia. Rafiki yangu ananiambia nifungue mtambo nisugue mkato wa nyundo kwa tupa laini, eti dakika kumi tu itakuwa nyepesi. Msimu unakaribia. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Tupa iweke kando. Rafiki yako ana nia njema, lakini ushauri wake unaweza kukutia hatarini wewe na yeyote atakayesimama karibu nawe siku hiyo.

Umefanya vizuri kupima. Wengi huleta bunduki kwa fundi na neno moja tu, "nzito", na neno hilo halimsaidii. Kilo 3.6 na 4.3 ni nzito kweli. Raifo kubwa ya aina hii kwa kawaida huwekwa triga ya mbele kwenye kilo 1.8 hadi 2, na ya nyuma kilo 2.2 hadi 2.5. Zako zimekaribia maradufu. Fundi aliyeitengeneza hakuiacha hivyo, kwa hiyo kuna kitu kimebadilika tangu itoke mikononi mwake. Kazi yako ya kwanza ni kukijua kitu hicho. Mkato wa nyundo ndio sehemu ya mwisho kushukiwa, si ya kwanza.

Ngoja nikueleze kinachotokea mle ndani, maana ukikielewa hutashawishika tena na habari za tupa. Mtambo wa boksiloki nyingi za Kiingereza umejengwa juu ya hataza (ubunifu uliosajiliwa) ya Anson na Deeley ya mwaka 1875. Kila mtutu una nyundo yake ndani, springi yake kubwa inayoisukuma nyundo hiyo mbele, na kikomeo chake, yaani kile chuma kirefu chembamba kinachoizuia nyundo isianguke. Ncha ya kikomeo imekaa ndani ya mkato mdogo uliochongwa kwenye nyundo. Mkia wake umerudi nyuma hadi juu ya triga. Ukivuta triga, inanyanyua mkia, ncha inatoka kwenye mkato, nyundo inaruka. Ni sawa na kuvuta komeo la mlango wakati mtu anausukuma kwa upande wa pili: ugumu unatokana na nguvu ya anayesukuma, ukali wa pembe komeo lilipogusana na fremu, na uchafu au kutu katikati.

Kwenye boksiloki mkato huo uko karibu sana na mhimili wa nyundo. Maana yake ni kwamba nguvu yote ya springi kubwa inakutana na kikomeo kwenye eneo dogo mno, na badiliko jembamba kuliko unene wa karatasi linatosha kuigeuza triga nzito kuwa ya hatari. Saidiloki, zile zenye mabamba ya ubavuni, zina nyundo kubwa zaidi na nafasi ya kutosha, ndiyo maana triga zake huwa rahisi kusawazisha. Yako haina nafasi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye tupa halioni. Uso wa mkato na wa ncha ya kikomeo umepewa ugumu wa moto, na mara nyingi ugumu huo uko juu juu tu kama ganda. Ukilisugua ganda likaisha, chini yake kuna chuma laini. Siku hiyo utafurahi, triga itakuwa tamu. Baada ya risasi kadhaa chuma laini kitaanza kulika, pembe itageuka, na uzito utaendelea kushuka wenyewe bila wewe kujua. Bunduki za namna hii zimewahi kufika mezani kwangu. Mwenyewe husema "ilikuwa nzuri mwanzoni".

Sasa kwa nini nakazia hivi kwa raifo ya mitutu miwili kuliko bunduki nyingine yoyote? Kwa sababu ukifyatua mtutu mmoja, nyundo ya pili bado imekokiwa, imeshikwa na kikomeo chake peke yake, katikati ya mshtuko mkubwa. Risasi ya .470 ina uzito wa gramu 32 na inatoka kwa kasi ya mita 650 hivi kwa sekunde. Teke la bunduki ya kilo tano kwa risasi hiyo unalijua mwenyewe. Kikomeo kilichokaa kwa mashaka kinaruka, mitutu yote miwili inalia kwa pamoja. Bega linaweza kuumia, bunduki inaweza kupasuka shingo ya kitako, na la kutisha zaidi ni kwamba umebaki mikono mitupu mbele ya nyati ambaye pengine umemjeruhi tu. Raifo ya mitutu miwili inanunuliwa kwa ajili ya risasi ile ya pili. Ukiipoteza kwa sababu ya triga tamu, umenunua nini?

Triga ya nyuma huachwa nzito kidogo kuliko ya mbele kwa sababu hiyo hiyo, na nyingine. Kwa desturi triga ya mbele hufyatua mtutu wa kulia, ya nyuma wa kushoto. Bunduki inaporudi kwa teke, kidole kinateleza kutoka triga ya mbele na kugonga ya nyuma. Wengine hulaumu mtambo kumbe ni kidole. Uzito wa ziada kwenye triga ya nyuma unakukinga na hilo. Kwa hiyo hata ukimpata fundi mzuri, usimwombe azilinganishe. Na usikubali ya mbele ishuke chini ya kilo 1.8. Bunduki ya nyati haifyatuliwi kwa pumzi kama ya shabaha. Unaifyatua ukiwa na jasho mkononi na moyo unakwenda mbio. Unachohitaji ni triga isiyoburuta, inayokatika mara moja kama kijiti kikavu. Triga safi ya kilo mbili utaihisi nyepesi kuliko triga yenye kuburuta ya kilo moja na nusu.

Tuanze kazi. Fungua bunduki, tazama vyumba vyote viwili, vitie kidole uhakikishe ni vitupu, na risasi halisi zote ziwe chumba kingine. Tia risasi bandia zenye springi ndani yake, maana pini za mtambo hazipendi kugonga hewa. Pima upya. Ndoano ya mizani iweke pale pale kidole chako kinapokaa, katikati ya mpindo wa triga, na uvute moja kwa moja kuelekea nyuma, polepole. Ndoano ikishuka hadi ncha ya triga, usomaji utakuwa mdogo kwa sababu wenzo ni mrefu; ikipanda juu, utakuwa mkubwa. Pima mara kadhaa kila triga. Kama namba zinaruka ruka, mara kilo tatu, mara nne, hiyo yenyewe ni habari: kuna kitu kinakwama ovyo, na pembe ya mkato haikwami ovyo.

Uchafu ndio mshukiwa wa kwanza. Bunduki ya zamani iliyopitia mikono mingi imepakwa kila aina ya mafuta. Mafuta yakikaa miaka yanageuka ulimbo, yakichanganyika na vumbi la porini yanakuwa kama simenti. Nimekuta oili ya gari humo, na hata mafuta ya nazi, ambayo yanaganda kabisa asubuhi za baridi kama za Iringa au Makete. Unaweza kusafisha bila kufungua mtambo wote: ondoa mitutu, isimamishe bunduki kichwa chini, pitisha mafuta ya taa safi kwenye nafasi ya triga na kwenye matundu ya mbele ya boksi, koki na fyatua taratibu juu ya risasi bandia (mitutu ikiwa imerudishwa), kisha rudia hadi yanayotoka yawe meupe. Iache ikauke siku nzima, mafuta ya taa yasibaki ndani ya mbao. Halafu tone moja la mafuta mepesi ya bunduki, si zaidi. Pima tena. Usishangae uzito ukishuka kwa nusu kilo bila chuma chochote kuguswa.

Mshukiwa wa pili ndiye ninayemwekea dau kwa raifo yako: mbao. Vitako vya bunduki hizi ni vya mti wa walnut, vimechongwa ili mkia wa kila kikomeo na mabamba ya triga vipite ndani yake kwa nafasi finyu sana. Raifo iliyochongwa kwenye hewa ya Uingereza, ikakaa miaka nyanda za juu, sasa imeteremka kwenye unyevu wa bonde la Rufiji au Kilombero, mbao yake inavimba. Inaubana mkia wa kikomeo. Unapovuta triga unasukuma nyundo, springi na mbao vyote kwa pamoja. Na kama mwenye bunduki alikuwa akiihifadhi mdomo juu huku ameipaka mafuta mengi, mafuta yote yameteremka kwenye kichwa cha kitako, mbao imelowa, imekuwa nyeusi na laini, na kila teke limeisukuma nyuma kidogo. Tazama pale chuma kinapokutana na mbao: ukiona weusi wa mafuta, umeshapata sehemu ya jibu.

Kipimo chake ni rahisi. Kuna skrubu ndefu inayopita kutoka ulimi wa chuma wa juu hadi kwenye bamba la triga chini. Tafuta bisibisi ambayo ncha yake inajaa kabisa kwenye mfereji wa skrubu. Mifereji ya Kiingereza ni myembamba sana, bisibisi ya dukani itaiharibu na bunduki itaonekana imechezewa daima. Kabla ya kugusa, angalia mfereji umekaa upande gani. Mafundi wa zamani waliilaza yote kufuata mstari wa mitutu. Ukiukuta umepita mstari huo, kuna mtu ameshakaza kupita kiasi. Legeza robo mzunguko tu. Pima. Uzito ukibadilika, hata kwa gramu mia tatu, tatizo liko kwenye mbao au kwenye mkazo wa bamba, si kwenye mkato. Irudishe skrubu ilipokuwa, usiwinde nayo ikiwa imelegea.

Anayefahamu kazi ya mbao anaweza kulimaliza hilo kwa saa chache. Anatoa kitako, anapaka masizi ya mshumaa kwenye mkia wa kikomeo na mabamba ya triga, anakirudisha, anafyatua, anakitoa tena. Palipo na alama nyeusi kwenye mbao ndipo panapogusa. Pale anakwangua kwa patasi ndogo, nusu milimita, si zaidi, na anarudia hadi masizi yasiache alama popote. Kisha mbao iliyokwanguliwa inapakwa mafuta ya kitani ili isinywe unyevu tena. Na wewe, kuanzia leo, hifadhi bunduki mdomo ukiangalia chini, ndani umefuta kwa kitambaa kikavu.

Sefti, yaani kizuizi cha usalama, nayo isisahaulike. Kwenye nyingi ya bunduki hizi sefti inazuia triga tu, haizuii nyundo. Fimbo yake ikipinda kidogo au kitufe kisiposogea hadi mwisho, inabaki ikisugua triga hata ukidhani umeitoa. Sukuma kitufe mbele hadi kigote, kishikilie hapo kwa kidole gumba, pima. Uzito ukishuka, fundi arekebishe fimbo hiyo. Triga zenyewe pia: zitikise ubavuni kwa kucha. Zinapaswa kuwa na uhuru mdogo. Ikiwa moja imebana kwenye tundu lake, au kuna kutu au alama ya kung'aa ubavuni mwake, inasugua bamba.

Halafu kidole. Ombi langu ni kwamba ujiangalie kwenye kioo, bunduki ikiwa tupu na umeipandisha begani. Kwa triga ya nyuma, mkono lazima urudi nyuma kidogo kwenye shingo ya kitako. Mwenye kuuacha mkono palepale huishika triga ya nyuma kwa kiungo cha kidole badala ya nyama ya ncha, na anaivuta kwa ubavu. Kilo mbili na nusu inahisiwa kama nne, na mdomo wa bunduki unayumba. Nashuku hili linachangia risasi za mtutu wako wa kushoto.

Ukishayapitia yote hayo na mizani bado inasoma juu ya kilo tatu, sasa ndiyo kazi ya fundi wa bunduki mwenye leseni. Tanzania mambo ya silaha yako chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo usimpe fundi wa pikipiki hata kama mikono yake ni mizuri, na usiache bunduki mahali bila kuandikishiana. Mwulize swali moja kabla hajaanza: utaanzia wapi? Akikuambia mkato, ichukue bunduki yako. Fundi anayejua ataanza na springi ndogo ya kikomeo, maana wako waliobadilisha springi iliyovunjika kwa yoyote waliyoipata, nene kuliko ya awali. Ataangalia pale triga inapokutana na mkia wa kikomeo, kwa sababu kusogeza mahali pa kugusana kwa milimita moja kunabadilisha wenzo na uzito bila kugusa usalama. Ataangalia kama kuna kutu kwenye mhimili wa kikomeo. Ikibidi kabisa aguse mkato, atafanya kwa jiwe la kunolea lililoshikwa kwenye kifaa kinacholinda pembe, si kwa mkono mtupu, na ataung'arisha tu mkato bila kupunguza kina chake. Pembe inapaswa kuwa ya kuvuta kikomeo ndani kidogo nyundo inaposukuma. Ikigeuka kuwa ya kukisukuma nje, bunduki hiyo si salama tena hata kama triga ina kilo tatu. Ndiyo maana uzito pekee hauelezi usalama.

Wenye saidiloki wanaosoma hapa wana jambo la kuongeza. Nyingi kati ya hizo zina kikomeo cha pili, cha akiba, ambacho hudaka nyundo ikianguka kwa mshtuko bila triga kuvutwa. Triga inapaswa kukiondoa hicho njiani kabla kikomeo kikuu hakijaachia. Fundi akigusa kimoja asipopima kingine, nyundo itadakwa katikati: utasikia "kliki" na hakuna mlio. Kwa nyati mita kumi na tano, hiyo kliki ni mbaya kuliko triga nzito.

Bunduki ikirudi kutoka kwa fundi, usiitie risasi bado. Tia bandia, koki, weka sefti, vuta triga zote mbili kwa nguvu, ziachie, kisha toa sefti. Nyundo yoyote isianguke. Koki tena, sefti ikiwa imetolewa, shika bunduki wima na udundishe kitako kwenye mpira mnene sakafuni, mara kadhaa, kwa nguvu ya kuridhisha. Gonga ubavu wa boksi kwa nyundo ya mpira. Fyatua mtutu mmoja na uangalie kama wa pili bado umekokiwa, badilisha. Ikishindwa hata mara moja, irudi kwa fundi.

Uwanjani, tia risasi kamili mtutu wa kulia, na kushoto tia ganda lenye kiwashio tu, bila baruti wala risasi. Fyatua kulia. Ikiwa kikomeo cha kushoto kimeruka, utaona kiwashio kimegongwa, na hakuna aliyeumia. Rudia, kisha geuza upande. Hadi hapo ndipo utakapotia mbili.

Sasa mtutu wa kushoto. Usikubali mtu yeyote akuambie mitutu imeachana na inahitaji kuoanishwa upya, yaani kurekebishwa ili yote miwili ipige mahali pamoja, kabla triga hazijakaa sawa. Kuoanisha mitutu ni kufungua ulehemu uliowekwa na fundi aliyepiga na kurekebisha, akapiga na kurekebisha, na ni ghali sana. Kwanza piga ukiwa umesimama, mkono wako ukiwa kati ya bunduki na mto laini, mita hamsini. Mitutu isiguse mto. Piga kulia, kushoto mara moja, kisha iache ipoe kabisa kabla ya jozi nyingine. Tumia risasi za kasi ile ile bunduki ilivyooanishwa nayo; kwa .470 ni futi 2,150 kwa sekunde, yaani zile mita 650 hivi. Risasi ya polepole inakaa ndani ya mtutu muda mrefu zaidi, bunduki inakuwa imeshapinda kwa teke, kwa hiyo ya kulia inakwenda kulia na ya kushoto inakwenda kushoto. Ya kasi zaidi inafanya kinyume, zinapishana. Yako ya kushoto inakwenda kulia na pia inashuka, na kule kushuka ndiko kunakonifanya nimshuku mvutaji kabla ya mitutu. Ikiwa baada ya triga kushuka hadi kilo mbili na nusu jozi zako bado zinapishana vilevile, niandikie uniambie aina ya risasi unayotumia na umbali kati ya matundu, tuanzie hapo.